"VS yako iko juu": vipimo vya inflamasyo mu damu vinasema nini, na havisemi nini

Ukitoka labo na karatasi mkononi, iwe Goma, Bukavu, Bunia, Kindu ao Kalemie, karibu kila mara utaona herufi hizi: GE, GB, FL, Hb, VS. Siku hizi, mu hospitali kubwa na mu labo za watu binafsi mijini, wanaongeza pia CRP. GE watu wengi wanaijua, sababu njo ile ya malaria. Hb nayo wanaijua, inaonyesha kama damu inatosha. Lakini VS? Hapo kila mtu ana maelezo yake. Mmoja atakuambia ni mikrobe mu damu. Mwingine atasema ni infeksyo. Mwingine, kwa sauti ya chini, atasema ni kifua kikuu. Na wengi wanarudi nyumbani na mfuko wa antibiotiki bila kuambiwa ile namba ilikuwa na maana gani.

Leo tunaeleza vipimo hivi viwili, VS na CRP: vinafanywa namna gani, vinapanda juu ya nini, na mgonjwa ana haki ya kuuliza nini mbele ya kununua dawa. Maulizo ya wasikilizaji juu ya jambo hili ni mengi. Kuna pia jambo moja lililotokea mu jamaa yangu mwenyewe, nitalisimulia mbele kidogo.

Inflamasyo ni kitu gani

Umechomwa na mwiba ku kidole. Kesho yake kidole ni chekundu, kimevimba, kina joto, kinauma. Hiyo njo inflamasyo. Mwili umeona kuna kitu kibaya, umefungua njia za damu, umetuma chembe nyeupe zije kupigana. Ku kidole unaona kwa macho. Lakini jambo hilo hilo linaweza kutokea mu mapafu, mu mfupa, mu kiungo cha goti, mu tumbo la uzazi, mu figo, na hapo hakuna anayeona kitu kutoka nje.

Ila mwili hauwezi kupigana kimya kimya. Mahali penye vita panatuma habari mu damu, na ini, ambalo ni kama kiwanda cha mwili, likipokea habari hiyo linaanza kutengeneza proteini fulani kwa wingi. Vipimo vya inflamasyo vinatafuta proteini hizo, ao alama zinazoachwa na proteini hizo. Havitafuti mikrobe. Tafadhali soma tena sentensi hiyo, sababu nusu ya matatizo yote tunayosikia inatoka hapo: VS na CRP havitafuti mikrobe.

Mikrobe ni sababu moja ya inflamasyo, tena sababu kubwa mu majimbo yetu. Lakini mtu aliyevunjika mguu ku moto ana inflamasyo. Aliyeungua na mafuta ya kupikia, vilevile. Mama aliyetoka kufanyiwa operesheni ya kujifungua, vilevile, hata kama kidonda chake ni safi kabisa. Kuna magonjwa ambamo kinga ya mwili inashambulia viungo vyake yenyewe. Kuna kansa. Yote hayo yanapandisha namba. Ni sawa vile kuona moshi nyuma ya kilima: unajua kuna moto, lakini hujui kama ni mtu anachoma makala, ao ni nyumba ya jirani inaungua. Lazima mtu aende kuangalia.

VS: tube, saa moja, na macho

VS ni herufi za Kifaransa, maana yake ni mwendo wa damu kushuka. Kipimo chenyewe ni rahisi, na njo sababu kimebaki mu labo zetu hata kule kusikokuwa umeme.

Laborantini anachota damu ku mshipa, anaichanganya na dawa inayozuia damu isigande, ambayo inaitwa sitrati: sehemu nne za damu, sehemu moja ya sitrati. Anapandisha mchanganyiko huo mu tube nyembamba yenye alama kutoka 0 mpaka 200, kila alama milimita moja. Anaisimamisha wima ku kibao chake, anaangalia saa, na haigusi tena. Chembe nyekundu ni nzito kuliko maji ya damu, kwa hiyo zinashuka pole pole, na juu kunabaki maji ya rangi ya manjano. Saa moja ikiisha, anasoma yale maji ya manjano yana urefu gani. Ukiona VS 45, maana yake chembe nyekundu zimeshuka milimita 45 kwa saa moja. Basi. Labo zingine zinaandika pia namba ya saa ya pili, ni desturi ya zamani. Namba ya kuangalia ni ya saa ya kwanza.

Juu ya nini damu ya mgonjwa inashuka mbio? Kwa mtu mzima wa afya, chembe nyekundu zinasukumana, kila moja inakataa kumkaribia mwenzake, sababu zote zimebeba umeme mdogo wa aina moja. Wakati wa inflamasyo, proteini moja ya ini inayoitwa fibrinojeni inakuwa mingi mu damu, pamoja na proteini za kinga. Zinaingia katikati ya chembe, zinapunguza ule msukumano, na chembe zinashikamana moja juu ya ingine kama sahani zilizopangwa jikoni. Kifurushi ni kizito kuliko chembe moja moja, kwa hiyo kinashuka haraka.

Kipimo hiki ni cha zamani sana. Muganga wa Poland, Edmund Biernacki, alikieleza mwaka 1897. Mwaka 1918, Robert Fåhraeus wa Uswidi alikuwa anakichunguza kwa kutafuta namna ya kujua kama mwanamke ana mimba. Mwenzake Alf Westergren, mwaka 1921, alikitumia kwa wagonjwa wa kifua kikuu, na mpaka leo tube ile ina jina lake. Angalia vizuri hadithi hiyo: toka mwanzo, kipimo kimoja kilipanda kwa mimba na kikapanda kwa kifua kikuu. Hakikuweza kutofautisha mama mjamzito na mgonjwa wa mapafu. Miaka zaidi ya mia imepita, bado hakiwezi.

Sasa, kawaida ni ngapi? Kwa mwanaume wa chini ya miaka 50, wanakubali mpaka 15. Kwa mwanamke wa umri huo, mpaka 20. Kiisha miaka 50 inapanda, 20 kwa wanaume na 30 kwa wanawake. Kuna hesabu nyepesi ambayo waganga wengi wanatumia: kwa mwanaume, gawanya miaka yake kwa mbili, kwa mwanamke, ongeza 10 ku miaka yake, halafu gawanya kwa mbili. Koko wa kike wa miaka 70 akiwa na VS 38, kwa hesabu hiyo hayuko mgonjwa. Lakini ni koko wangapi wamechomwa sindano siku tano juu ya VS 38?

Mimba inapandisha VS. Mama mwenye mimba kubwa anaweza kufika 40 ao 50 bila ugonjwa wowote. Upungufu wa damu unapandisha pia, sababu chembe zikiwa chache hazizuiani njia, zinashuka bila msongamano. Na upungufu wa damu kwetu si kitu cha nadra: malaria ya kila mara, minyoo, uzazi wa karibu karibu, chakula kidogo ku kambi za wakimbizi wa ndani. Kwa hiyo VS isomwe pamoja na Hb. Ukiona VS 50 na Hb 7, swali la kwanza ni ile damu imekwenda wapi.

Kwa wagonjwa wa SS, yaani drepanositozi, ni kinyume. Chembe zao zina umbo la mundu, haziwezi kupangika kama sahani, na VS inabaki chini hata wakati mtoto ana infeksyo kali mu mfupa. Kwa mtoto wa SS mwenye homa, VS nzuri isimtulize mzazi hata kidogo.

Halafu kuna makosa ya meza. Tube ikiinama kidogo tu, digrii tatu, kitu ambacho jicho halioni vizuri, matokeo yanaweza kupanda kwa asilimia 30. Meza inayotikisika juu ya jenereta iliyo pembeni ya ukuta inaharibu kipimo. Tube iliyowekwa karibu na dirisha ku jua inaharibu kipimo. Damu iliyochotwa asubuhi na kupimwa mangaribi, sababu laborantini alikuwa mumoja na wagonjwa ni mingi, nayo haifai tena. Sisemi hivyo kwa kuwashutumu laborantini. Nimeona wengine wanafanya kazi mu chumba kimoja na farmasi, na meza moja kwa vipimo vyote.

Miezi mitatu ya kutibu namba

Mama mdogo wangu alianza kuchoka. Jioni alikuwa anapata homa kidogo, usiku anatoka jasho, na alikuwa anakohoa, si sana. Nguo zake zikaanza kumlegea. Alikwenda ku kituo cha afya kimoja ambacho sitakitaja. GE hakuna kitu. VS 78. Walimwambia: "Mama, uko na infeksyo mingi mu damu." Sindano siku tano. Alisikia nafuu kidogo, akarudi ku soko lake.

Kiisha majuma mawili, homa ikarudi. VS 80. Wakabadilisha antibiotiki, hii ya pili bei yake ilikuwa kubwa, mbuzi akauzwa. Mara ya tatu wakasema labda ni tifoidi. Ilikaribia miezi mitatu, na ku fishi yake kulikuwa VS nne, zote juu, kila moja na ordonansi yake.

Mwenye kutufungua macho hakuwa muganga. Alikuwa jirani yetu, mama reko, mmoja wa wale wanaopita nyumba kwa nyumba kwa kazi ya afya. Alikaa, akamsikiliza anakohoa, akauliza: "Mama, makohozi yako walishapima?" Hapana. Hakuna aliyeyaomba. Tulimpeleka ku kituo kinachopima kifua kikuu, alitoa makohozi, na matokeo yakasema ni kifua kikuu. Dawa zake zilikuwa za bure, miezi sita. Leo iko soko kama zamani. Lakini wajukuu wawili waliokuwa wanalala naye kitanda kimoja ilibidi nao wapimwe, na mmoja alianza dawa.

Nimefikiri sana juu ya zile VS nne. Hazikudanganya. Toka siku ya kwanza zilikuwa zinasema kuna moto mkubwa mahali fulani. Kosa lilikuwa kumwaga maji juu ya namba, bila kutafuta pale panapowaka.

Kwa hiyo tuandike wazi: VS peke yake haiwezi kusema mtu ana kifua kikuu, na haiwezi kusema hana. Kifua kikuu cha mapafu kinathibitishwa ku makohozi, kwa darubini ao kwa mashine inayoitwa GeneXpert, ambayo inatoa jibu kwa muda wa karibu saa mbili na inaonyesha pia kama mikrobe inakataa dawa moja kubwa, rifampisini. Mtu anayekohoa toka majuma mawili ao zaidi asisubiri VS. Apimwe makohozi. Mu Kongo, matibabu ya kifua kikuu chini ya programu ya taifa, PNLT, ni ya bure.

CRP, mdogo wake mwenye mbio

CRP iligunduliwa mwaka 1930 ku New York, mu taasisi ya Rockefeller, na William Tillett na Thomas Francis. Walikuwa wanachunguza damu ya watu wenye nyumonia, wakaona kuna kitu mu damu hiyo kinachoshikamana na sehemu ya mikrobe ya nyumonia waliyoiita C. Jina likabaki: proteini inayojibu C. Baadaye watu wakaelewa kwamba proteini hiyo haipandi kwa nyumonia tu. Inatengenezwa na ini kila wakati inflamasyo inapopiga kengele.

Tofauti yake na VS ni mwendo. CRP inaanza kupanda kiisha saa nne mpaka sita, na inafika juu kabisa ku siku ya pili. Sababu ikiondoka, nusu yake inapotea kwa muda wa karibu saa 19. VS inapanda pole pole na kushuka pole pole zaidi, inaweza kuchukua majuma mengi. Hapo kuna mtego ambao watu wengi wanaanguka ndani yake: mtu amemeza dawa vizuri, homa imekwisha, anakula, anarudi ku labo kiisha siku saba "kwa kuhakikisha", anakuta VS bado 55, na anaandikiwa dawa zingine. Dawa zilifanya kazi. Ni VS ambayo haijapata habari. Kama ni lazima kufuata matibabu kwa namba, CRP njo inafaa. Na mara nyingi homa yenyewe na hamu ya kula vinatosha.

Mwendo huo una upande wake wa pili. Mtoto mchanga akianza homa asubuhi na akapimwa saa tano, CRP inaweza kuwa nzuri kabisa, sababu ini halijamaliza kutengeneza. Ndiyo maana waganga wa watoto wanairudilia kesho yake. CRP moja nzuri ya mapema haiondoi infeksyo.

Kwa mtu wa afya CRP iko chini ya 5 kwa lita, yaani miligramu 5. Labo zingine zinaweka mpaka 10. Kirusi cha mafua kinaweza kuipandisha kidogo, 20 ao 30. Infeksyo kubwa ya bakteria mara nyingi inapita 100. Lakini katikati hapo, kati ya 20 na 80, ni soko la watu wote: kirusi, bakteria, kidonda, kifua kikuu. Na malaria! Malaria inapandisha CRP sana, hata kupita 100. Mu eneo letu, CRP iliyopimwa bila GE ao testi ya haraka ya malaria ni kazi nusu.

Angalia pia kipimo kilichoandikwa pembeni ya namba. Mashine zingine zinahesabu kwa lita, zingine kwa desilita, na tofauti ni mara kumi. CRP 4 kwa lita ni nzuri. CRP 4 kwa desilita ni 40 kwa lita, na hiyo si nzuri. Tumeona karatasi isiyokuwa na kipimo chochote pembeni ya namba. Karatasi ya namna hiyo irudishwe ku labo iandikwe vizuri.

Mu labo ndogo hawana mashine. Wanatumia lateksi: tone la maji ya damu, tone la dawa nyeupe kama maziwa, wanachanganya ku kibao cheusi. Ikikatika vipande vipande kama maziwa yaliyoharibika, CRP imepita karibu 6. Kiisha wanaongeza maji nusu kwa nusu na kurudilia, njo sababu matokeo yao yanasomeka 12, 24, 48, 96, hayasomeki 31 wala 57. Si makosa, ni namna ya kipimo. Jambo moja tu: CRP ikiwa mingi kupita kiasi, lile tone la kwanza linaweza kubaki laini kama hakuna kitu. Laborantini anayeona mgonjwa ni mahututi na lateksi iko laini anachanganya na maji na kujaribu tena.

Na dawa zinabadilisha namba. Wale wanaomeza dexa ao prednisone, wengine kwa kutafuta kunenepa, wanaweza kupata CRP ya chini wakati ugonjwa unaendelea ndani. Mwambie muganga kila kitu unachomeza, hata kile ulichonunua mwenyewe ku kona.

CRP inaweza pia kupunguza antibiotiki, siyo kuziongeza tu. Ku Dar es Salaam, Tanzania, kati ya 2014 na 2016, watafiti walifuata watoto zaidi ya 3,000 wa chini ya miaka mitano wenye homa. Upande mmoja walitibiwa kwa mwongozo mwingine wa kielektroniki uliokuwako mbele. Upande mwingine muuguzi alikuwa na tableti inayomuuliza maswali moja moja, na vipimo vichache vya haraka, CRP ikiwa ndani, na mpaka wa CRP uliwekwa 80. Kwa ule mwongozo wa mbele, karibu watoto 30 kwa 100 walipewa antibiotiki siku ya kwanza. Kwa ule mwongozo mpya, karibu 11 kwa 100. Na wale waliopewa kidogo hawakuumia zaidi, walipona hata vizuri zaidi. Lakini usichukue 80 hiyo kama sheria ya kila mgonjwa. Ilifanya kazi pamoja na kuhesabu pumzi za mtoto, kupima hewa mu damu yake, na kuangalia alama za hatari.

Wakati muganga anapokuwa na haki ya kuviomba

Nisieleweke vibaya: vipimo hivi si bure. Mtoto wa miaka minane ao kumi anayepata homa, goti linavimba leo, kesho linapona na kiwiko kinavimba, anaweza kuwa na homa ya rumatizi, ambayo inakuja kiisha maumivu ya koo na inaharibu milango ya moyo kwa maisha yote. Mu mwongozo wa kimataifa wa 2015, kwa maeneo yenye ugonjwa huo kwa wingi, VS kuanzia 30 ao CRP kuanzia 30 kwa lita ni mojawapo ya alama zinazohesabiwa, pamoja na zingine. Mzazi wa mtoto wa namna hiyo asikatae kipimo.

Kwa watu wanaoishi na virusi vya ukimwi, Shirika la Afya Ulimwenguni, OMS, lilikubali mwaka 2021 kutumia CRP kwa kuchuja kifua kikuu: ikipita 5 kwa lita, mtu apelekwe kupimwa makohozi. Soma vizuri, apelekwe kupimwa. Hawakusema apewe dawa.

Na VS ikipita 100? Hapo usirudi nyumbani ukasema ni tube iliyoinama. Mara nyingi kuna kitu kizito: kifua kikuu, infeksyo ya mfupa, ugonjwa wa figo, kansa, hasa ile ya uboho inayoitwa myeloma. Omba kuonana na muganga wa hospitali kuu, usibaki ku kituo kidogo ukichomwa sindano.

Kinyume chake, mtu asiyekuwa na homa, anakula, anafanya kazi, na VS yake ni 28, hana sababu ya kunywa chochote. Hata ile mizizi ya soko inayouzwa "kwa kusafisha damu na kushusha VS". Damu haina uchafu wa kusafisha namna hiyo.

Mbele ya kutoka labo

Hauhitaji kuwa na njaa kwa vipimo hivi. Unaweza kunywa chai yako. Kwa VS damu inaingia mu tube yenye sitrati, mara nyingi kifuniko cheusi. Kwa CRP ni tube kavu, kifuniko chekundu. Ile ya kifuniko cha zambarau ni ya GB na Hb. Ukiona damu kidogo imetiwa mu kichupa chochote bila dawa na wanasema ni ya VS, uliza kwa heshima. VS haiwezekani na damu iliyoganda.

Ukipewa matokeo, muulize muganga ao muuguzi: "Inflamasyo hii inatoka wapi mu mwili wangu?" Kama hajui bado, hilo si kosa, lakini basi kinachofuata ni kutafuta: kusikiliza mapafu, kupima mkojo, makohozi, malaria, kufanya picha. Kama ni mama mwenye mimba, ao mwenye SS, ao mwenye damu kidogo, amwambie mapema, asingoje kuulizwa. Na karatasi za zamani usizitupe. VS 60 ya leo haisemi kitu kimoja kama mwezi uliopita ilikuwa 20, ao kama toka mwaka jana iko 60.

Watoto ni jambo lingine. Mtoto mwenye homa ambaye hanyonyi tena, anatapika kila kitu, anapumua mbio mbio na kifua kinaingia ndani, anatetemeka kwa degedege ao amelegea hajibu, huyo hasubiri tube ya saa moja. Apelekwe hospitali mara moja, hata usiku, na vipimo vitafanyika akiwa mikononi mwa waganga.